Mbona Wenzako Hawaungui

Mama yangu alikuwa na swali moja la kumalizia ubishi wowote nyumbani kwetu Mombasa. Nikilia kwa pilipili ya mchuzi: "Mbona wenzako hawalii?" Nikikataa maji ya baridi kabla ya shule: "Mbona wenzako wameshaoga?" Aliyelelewa kwa Kiswahili anajua kwamba hilo si swali. Ukijaribu kulijibu unaongezewa kosa la pili, la kujibizana na mkubwa. Basi nilinyamaza, nikakua, nikavuka bahari, nikajifunza kuendesha gari juu ya barafu, nikamlea binti yangu katika fleti ya ghorofa ya pili Columbia Heights, Marekani, na swali likanifuata mpaka kazini, safari hii likiwa na lafudhi ya bara.

Sasa nimelijibu. Imenichukua zaidi ya miaka thelathini, lakini nimelijibu, na ninaandika haya kwa majivuno kabisa. Anayechukia achukie.

Yalianza na harusi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, lakini mtaani kwetu jirani akioza binti, wasichana wote hupambwa, dini haiulizwi. Mpambaji alikuja na hina na piko. Kwa asiyejua, hina ni majani yaliyosagwa, na wekundu wake ni wa upole. Piko ni unga mweusi wa pakiti, ule ule ambao watu wazima hupakia mvi. Hukorogwa kwa maji kidogo, kisha huchorwa maua mikononi kwa kijiti. Tulikaa mkekani mimi na dada yangu anayenipita mwaka mmoja, tukachorwa kwa kijiti kimoja kutoka bakuli moja. Yeye alichorwa mikono yote miwili. Mimi nilichorwa wa kushoto tu, maana unga ulikuwa unakwisha.

Siku ya tatu mkono wangu uliwaka moto. Kila jani la ua lilivimba likawa lengelenge, hata ungeweza kuusoma ule mchoro gizani kwa kupapasa. Dada yangu, hata kipele kimoja hakuna. Mama alituita mezani, akaweka mkono wa dada na wangu sambamba, akaiangalia yote miwili.

"Bakuli moja, kijiti kimoja," alisema. "Mbona mwenzako hakuungua? Umejikuna wewe. Kudeka kumezidi."

Siku ya harusi dada alikaa mbele na wasichana wenzake. Mimi nilifungwa kitambaa, nikaachwa uani kuangalia watoto wa wageni, vigelegele nikivisikia ng'ambo ya ukuta. Dada aliniletea sahani ya biriani yenye mapaja mawili ya kuku, nami nikamchukia wiki nzima kwa kuwa na ngozi nzuri. Malengelenge yalipokauka yaliacha ua jeupe mkononi. Lilikaa miezi mingi, kisha likafutika.

Sasa mnikute Minnesota, nina miaka arobaini na tisa. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights, si mbali na mto, na kazi yangu niliyoipenda ilikuwa kuogesha. Wapo wanaoiona kazi ya chini. Mimi naona mtu akikuamini na mwili wake wa miaka tisini, amekupa heshima ambayo hata mumewe pengine hakupewa. Kulikuwa na bibi mmoja wa chumba cha mwisho aliyekuwa hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Alisema nina mikono inayojua maji ya moto yaishie wapi.

Wakati huo huo nilikuwa nasomea uuguzi. Nilikuwa katika muhula wa mwisho, na saa zangu za mafunzo nilizitimiza hapo hapo, kwa wazee wale wale. Sheria ilikuwa nyepesi kuelewa: usipomgusa mgonjwa, saa hiyo haihesabiwi. Mwezi wa tano saa zisipotimia, muhula umekufa, na shule ilishaniongezea nafasi mara moja. Haingeniongezea ya pili.

Na hapo ndipo mikono iliponigeuka. Kwanza mwasho katikati ya vidole, kisha wekundu, kisha ngozi ikapasuka kwenye viungo na kutoa maji. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: nilikuwa nikifungua kopo la kahawa kwa meno. Nikajua mara moja mchawi ni nani. Sabuni ya kazini. Sabuni na zile glavu zao, na ile dawa ya kunyunyiza mikononi kila ukiingia chumbani, ukitoka chumbani. Nikaandika barua kali kwa wakubwa, kurasa mbili, Kiingereza cha kutisha. Wakanibadilishia sabuni. Wakanibadilishia glavu, si mara moja. Nikawa napata nafuu siku chache, nafurahi, kisha Jumatatu naamka vidole vimevimba tena.

Muuguzi wetu mkuu alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa bara, tunasali kanisa moja. Mwezi wa pili alinivuta kando kwenye korido.

"Dada, mimi siku-understand," alisema. "Sabuni ni hiyo hiyo, glavu ni hizo hizo, shift ni hiyo hiyo. Mbona wenzako wako sawa? Wewe ndio special?"

Nilisimama pale nikiwa na miaka kumi na sita.

"Sijikuni," nilimwambia, ingawa hakuwa ameniuliza.

"Sijasema unajikuna. Lakini hiyo mikono iko open, na siwezi ku-allow iguse resident. Enda laundry mpaka ulete barua ya daktari. Na hizo hours zako, my dear, uombe Mungu."

Nikashushwa chini kukunja mataulo. Nilikunja mataulo kwa hasira, pembe kwa pembe, na kila taulo lililokunjwa lilikuwa ni saa isiyohesabiwa. Niliambiwa kwamba juu kule yule bibi wa chumba cha mwisho amekataa kuoga siku nne. Nilijificha chooni nikalia, si kwa uchungu wa vidole.

Ushauri ulikuja wa kila rangi. Mmoja kanisani akaniambia ni maji ya Minnesota, mwingine akanipa mafuta yaliyoombewa, wa tatu akaninong'oneza kwamba nyumbani kuna mtu hafurahii mimi kuwa muuguzi. Nilipaka yote na nikasali yote. Mwishowe nikapata nafasi kwa daktari wa ngozi, Woodbury, mwanamke kijana aliyevaa raba za kukimbilia, na aliniuliza maswali kutoka kwenye orodha ndefu. Kucha za bandia? Hapana. Nimechanjwa michoro mwilini? Hapana. Napaka nywele rangi? Hapana.

Nataka hili lieleweke, maana binti yangu hadi leo ananicheka: sikudanganya. Kwetu rangi ni ile ya dhahabu, ni nyekundu, ni mwanamke aliyeamka siku moja akaamua kufanana na simba. Mimi nilikuwa natia piko tu. Piko si rangi. Piko ni kuzirudisha nywele kwao. Mvi ziliniingia mapema, upande wa baba ndivyo walivyo, na tangu nikiwa na miaka thelathini na kitu nilikuwa nikikoroga unga wangu mweusi kila mwezi bila kuhesabu kwamba ni kitu ninachofanya, kama vile mtu asivyohesabu kukata kucha. Tena karibu kila Jumamosi, kabla ya ibada kubwa ya kesho yake, kina mama wa kanisa walikuja kwangu na taulo zao, nikawapaka kwenye paji la uso na nyuma ya masikio kwa mswaki mkuukuu, na kingo nikazilainisha kwa kidole. Kwa kidole kitupu, maana glavu haihisi nywele. Waliniambia nina mkono.

Daktari alinibandika mgongoni vibandiko vyenye visahani vidogo, kila kimoja na tone la kitu chake: sabuni, mpira wa glavu, manukato, dawa za kuhifadhia vitu, na vingine ambavyo majina yake yalinipita. Muuguzi wake akaviandikia namba kwa kalamu ya wino. Siku mbili nisioge mgongo, nisitoke jasho, nisinyanyue kitu. Siku mbili hizo niliomba Mungu, na sioni haya kusema, kwamba namba za sabuni na glavu ziwake moto. Nilishapanga barua ya pili kichwani.

Walipovibandua niliambiwa nirudi baada ya siku mbili nyingine kusomwa upya. Sikuweza kungoja. Asubuhi ya kurudi nilimwita binti yangu chumbani, nikampa mgongo.

"Angalia. Namba tatu ikoje? Na nne?" Hizo zilikuwa sabuni na glavu, nilikuwa nimechungulia karatasi ya muuguzi.

Binti yangu hunielewa yote lakini hujibu kwa lugha ya shuleni kwao, akichanganya kidogo kwa kunihurumia. "Three iko flat, Mum. Four, nothing." Kisha akasogea karibu. "Mum. Namba tisa iko mad."

Namba tisa ilikuwa imevimba nyekundu, na malengelenge madogo juu yake. Alinipigia picha kwa simu akanionyesha, nami nikalitambua lile lengelenge kabla ya kujua lilikuwa la nini.

Kule Woodbury daktari aliupapasa mgongo wangu, akarudi kwenye kiti chake. Akaniambia namba tisa ni kemikali iliyomo kwenye rangi nyeusi za nywele.

"Lakini mimi sipaki rangi," nilimwambia.

Hakubishana. Aliinua tu macho, akaangalia kichwa changu. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nywele nyeusi kama chungu. Nami nikaona anachokiona. Nilicheka mpaka yule muuguzi akachungulia mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa karibu zaidi ya nguo. Kurasa mbili nilizowaandikia watu kuhusu sabuni yao! Jumamosi napaka, Jumatatu navimba, na kila Jumatatu nimeingia kazini nikaikuta sabuni pale, mshtakiwa amesimama tayari.

Kicheko kilipoisha nikamweleza habari ya harusi, ambamo piko haikuwahi kushtakiwa, maana mshtakiwa nilikuwa mimi. Bakuli, kijiti, ua la malengelenge. Aliacha kuandika, akageuka akanisikiliza. Kisha likanitoka mdomoni, kwa Kiingereza, swali la mama yangu.

"Sasa mbona dada yangu hakuungua?"

Na yule binti mwenye raba alifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunifanyia. Alilichukua kama swali. Akavuta ile karatasi wanayotandika kitandani, akaanza kuchora.

Ngozi, alisema, si ukuta. Ngozi ni jiko. Kitu kigeni kikiigusa, haikai tu kukitazama, inaanza kukipika. Ndani yake mna vimeng'enya, vile ambavyo mwili hutumia kugeuza kitu kimoja kuwa kingine, na vipo vinavyoishika hii kemikali ya piko na kuigeuza iwe kitu kisicho na madhara. Kwa watu wengine wapishi hao ni wengi na wepesi. Kwa wengine ni wachache au hawana haraka, na ile inayobaki bila kupikwa inakwenda njia nyingine, inakuwa kali, na walinzi wa mwili wanaamka. Wakishaamka hawasahau. Ngozi ya kichwa ni ngumu, huvumilia miaka; lakini kwa vidole vinavyochakazwa na maji ya kazini, sasa chembe ya Jumamosi ilitosha.

"Hata ndugu wa tumbo moja?" nilimuuliza.

Hata ndugu wa tumbo moja, alisema, wanaweza kutofautiana sana. Huenda dada yangu aliipika yote ikaisha. Huenda mimi sikuwahi. Alisema "huenda" mara tatu au nne, akasema pia kwamba si vimeng'enya peke yake na kwamba yapo ambayo bado hayajulikani, na nilimpenda kwa hizo huenda zake, maana watu wote waliowahi kuniambia habari za ngozi yangu walikuwa na hakika.

Nilibakiwa na neno moja. Kudeka halina Kiingereza. Nikazunguka, nikamuuliza kama inawezekana msichana akajiletea hali ile mwenyewe kwa kupenda kuhurumiwa.

"Hapana," alisema. "Ulichorwa, ukaungua. Basi."

Niliomba ile karatasi ya kitandani. Aliikata kwa mkasi akanipa. Nilirudi nyumbani nimeiweka kiti cha mbele, na njia nzima nikaimba, theluji ikiwa imerundikana kando ya barabara kuu na mimi nikiimba nyimbo za Pasaka. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko siku niliyopata karatasi za kuishi nchi hii.

Jioni hiyo nilipiga picha mchoro nikawatumia nyumbani, kisha nikampigia mama. Nilimweleza yote polepole, jiko na wapishi. Dada yangu, anayeishi naye, alisikika nyuma akisema, "Mimi nilijua aliungua kweli."

"Haya," alisema mama. "Na huko baridi imepungua?"

Nilikata simu nikiwa na kinyongo. Ushahidi wote huo, halafu haya.

Jumamosi iliyofuata wakaja kina mama na taulo zao, na muuguzi mkuu kati yao. Barua ya daktari nilikuwa nayo mkobani, lakini sikumpa kwanza. Nikamkalisha kwenye kiti changu cha jikoni, kile kile cha kupakia, nikatandaza karatasi ya kitandani mezani mbele yake, nikamfundisha kuanzia mwanzo. Nilifundisha kama mwalimu anayelipwa kwa neno.

"Wait," alisema. "Hii piko? Lakini mimi napakwa kila month na niko fine."

"Ndiyo hiyo habari yenyewe, dada. Jiko lako si jiko langu. Ukiniuliza mbona wenzangu, nitakujibu: kwa sababu ni wenzangu, si mimi."

Alisoma barua. Akaisoma tena. Alikuwa muuguzi mzuri, hilo sikumnyima hata nilipokuwa na hasira naye, na niliona namna uso ulivyombadilika.

"Pole," alisema. "Niliku-judge. Pole sana." Kisha akashika upande wa kichwa, mahali mvi zilipokuwa zimechungulia. "Sasa nani atanipaka? Kesho nasoma Neno mbele ya watu."

"Mswaki huo hapo," nilimwambia. "Na mikono unayo."

Kesho yake alisoma Neno akiwa na sikio moja jeusi, na mimi nilikaa safu ya pili nikamsikiliza kwa moyo wa ibada.

Haki ina pande mbili, na nyani haoni kundule. Niliwaandikia wakubwa barua nyingine, fupi, kuwaondolea sabuni yao mashtaka. Pakiti zote za piko nikazitupa. Wiki ya kwanza mikono iliwasha kwa mazoea tu, ya pili ikaanza kufunga, na kabla ya mwezi kuisha nilifungua kopo la kahawa kwa vidole, nikalifunga, nikalifungua tena. Muuguzi mkuu mwenyewe alinirudisha juu, akanipangia zamu za ziada nifidie saa zilizopotea, bila kuombwa. Yule bibi wa chumba cha mwisho aliushika mkono wangu, akaugeuza nyuma na mbele kwa vidole vyake vyembamba, akasema maji yasiwe ya moto sana. Nilihesabiwa saa ile. Nilihesabiwa zote.

Nywele nazo nilimwachia binti yangu azikate hadi chini. Zilipoota zikatoka nyeupe tupu, na siku ya kwanza kwenye kioo nilimwona shangazi yangu marehemu. Siku ya pili nilijiona mimi.

Mwezi wa tano tulisimama mstari mmoja jukwaani, wauguzi wapya, sare nyeupe, wengi wao wa umri wa kuwazaa. Baada ya kuvishwa beji binti yangu alinifuata na simu mkononi, Mombasa imejaa kwenye kioo. Huko ilikuwa saa ya chakula cha jioni. Dada yangu aliishika simu upande wao, akipiga vigelegele vya mtu mmoja, na mama alikuwa karibu mno na kamera, nikawa naona paji la uso na macho tu.

"Nionyeshe mkono," alisema.

Nikainua mkono.

"Si huo. Wa kushoto. Ule wa maua."

Sikuwa nimemkumbusha ni upi. Katika maelezo yangu yote ya jiko na wapishi sikuwa nimetaja kushoto wala kulia. Nikabadilisha mkono, nikausogeza karibu na simu. Aliuangalia kwa muda mrefu, mbele, akaniamuru niugeuze, akauangalia nyuma. Dada yangu aliacha kupiga vigelegele.

"Na hao nyuma yako ndio wenzako?" aliuliza mama.

"Ndio hao, Mama."

Macho yake yakahama kutoka mkononi, yakapanda mpaka kwenye kichwa changu cheupe, yakatua pale.

"Mbona wenzako hawajapendeza hivyo?"

Niligeuka kuwatazama. Walikuwa wamependeza wote, lakini sikumwambia.